Nati Tano za Mzee Hoyt

Jumatatu asubuhi uwanja wa mbio wa Cane Creek ulikuwa kama ukumbi siku ya pili ya harusi: makombo kila mahali, na watu wachache wakitembea polepole huku wameshika vichwa. Makopo ya bia yalilala kwenye nyasi. Katikati ya uwanja, walikopiga kambi washabiki, moshi wa mkaa ulikuwa bado unapanda hapa na pale. Na pale kona ya nne, ukuta mweupe ulikuwa na mchoro mweusi wa mpira, mrefu kama mabasi manne yaliyopangwa mstari.

Verlene Tidmore, mpelelezi wa ofisi ya sherifu wa kaunti, aliutazama kwanza mchoro ule, kisha ndipo akatazama watu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na moja, mwenye viatu vya raba na kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, kwa sababu moja ilikuwa na tabia ya kugoma mbele ya shahidi. Amezaliwa maili nne kutoka hapo. Tangu akiwa tumboni alikuwa anasikia magari yale yakinguruma kila mwezi wa tano na kila mwezi wa kumi.

Sherifu Gantt alikuwa amempigia simu akiwa bado anakunywa kahawa.

"Mwendesha mashtaka anataka jibu saa tisa alasiri," alisema. "Kama yule mzee aliacha nati makusudi, ni kujeruhi kwa kukusudia, analala ndani leo. Kama ni uzembe tu, chama cha mbio wamalizane naye wenyewe."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jana, ikiwa imebaki mizunguko sita mbio ziishe, gari namba hamsini na nane lilichomoka gurudumu la nyuma kushoto likiwa kwenye mwendo wa maili mia na tisini kwa saa. Lilijizungusha, likapiga ukuta, likarudi katikati ya njia, na ni Mungu tu aliyewapitisha wengine pembeni yake. Dereva, Lanny Mabry, kijana wa miaka ishirini na sita, alikuwa hospitali ya Birmingham, nyonga imevunjika na paja pia. Gurudumu lile, mizunguko ishirini na mitano kabla ya hapo, lilikuwa limefungwa na Hoyt Scarbrough, fundi wa miaka hamsini na nane, mwenye miaka thelathini ya kufunga nati. Jana ilikuwa iwe mbio zake za mwisho.

Kwenye banda la timu, Dub Wardlow, fundi mkuu, alimpokea mlangoni. Alikuwa hajanyoa, na macho yake yalikuwa mekundu. Aliangalia chini, kwenye mkono wa Verlene.

"Karibu, dada Verlene. Lakini hilo faili."

"Lina nini?"

"Ni la kijani."

"Ndiyo tunayopewa na kaunti."

"Humu ndani rangi hiyo haiingii, ni mkosi. Sijaanzisha mimi. Babu yangu hakuwahi kukalia gari la kijani, na alikufa kitandani kwake."

"Jana kulikuwa na kitu cha kijani humu?"

"Hata leso. Tunakagua mpaka soksi."

"Na Lanny yuko wapi leo?"

Dub alisogea pembeni ya mlango.

"Basi na faili langu litaingia," alisema Verlene, akapita.

Gurudumu lilikuwa juu ya meza ya chuma, limefungwa lebo ya chama cha mbio. Verlene alivaa miwani, akainama. Rimu ilikuwa nyeusi, imechakaa kidogo kwenye kingo. Matundu matano ya boliti yalikuwa yamezungukwa na mabaki ya gundi ya njano, ile ambayo mafundi hugandishia nati kwenye rimu saa kadhaa kabla ya mbio, ili gurudumu likiwekwa kwenye boliti nati ziwe tayari zimesimama mahali pake, zinangoja tu mashine ya upepo ya kuzikazia.

"Nani alilileta hapa?" aliuliza.

"Hoyt mwenyewe. Jana, kama saa kumi na moja na robo. Alikwenda kulitafuta huko kwa washabiki, akarudi nalo begani."

"Mshitakiwa ndiye aliyeleta ushahidi."

"Jana hakuwa mshitakiwa."

"Ameanza kuwa mshitakiwa lini?"

Dub alivuta kopo la kukalia, akaketi. "Dada, sipendi kulisema hili. Jumanne iliyopita nilimwambia nafasi yake nimempa kijana mmoja aliyekuwa mchezaji mpira wa chuo. Mbavu nene, miguu kama swala. Hoyt anaondoka mwenyewe msimu huu, hatukumfukuza, lakini alidhani angeulizwa nani amrithi. Hakuulizwa. Basi akasema mbele ya watu wote: 'Mtajua thamani yangu siku gurudumu litakapowatoka.' Watu kumi na wawili walisikia. Mwenye timu amesikia. Yeye ndiye aliyempigia sherifu."

"Na wewe unaamini?"

"Mimi naamini nilichoona. Gurudumu limetoka."

"Nionyeshe mkanda."

Kila timu huweka kamera kwenye mlingoti juu ya kituo chake cha kubadilishia matairi, ili baadaye wagombane juu ya nusu sekunde. Dub aliuweka mkanda kwenye televisheni ndogo ndani ya lori. Gari likaingia, likasimama. Watu saba waliruka ukuta. Hoyt alikuwa wa pili, mwembamba, kofia imefunika masikio, akapiga goti nyuma ya gari upande wa kushoto kama mtu anayekwenda kusali. Mashine ya upepo ikalia.

"Rudisha," alisema Verlene. "Sauti juu."

Alisikiliza amefumba macho, kidole kinagonga meza. Milio mitano ya kufungua. Gurudumu la zamani likatoka, jipya likaingia. Milio mitano ya kukaza, kila mmoja ukiishia kwa ule mngurumo mzito wa nati iliyofika mwisho.

"Tano na tano. Kuna uliyosikia zaidi au pungufu?"

"Hapana," alikiri Dub. "Lakini mashine inaweza kulia na nati isikaze."

"Inaweza. Sasa niwekee mazungumzo ya redio, kuanzia gari lilipotoka hapo."

Dub alisita kidogo, mkono wake ukiwa juu ya swichi. Kisha akawasha. Kwenye picha magari arobaini yalikwenda kwa msururu, pua kwa mkia, yakisukumana upepo. Sauti ya Lanny ilikuwa ya utulivu, kama mtu anayeongea kutoka chumba cha pili. Mzunguko wa kwanza, wa tano, wa kumi: gari zuri, Dub, zuri sana, mwambieni Mzee Hoyt nimeipenda kazi yake. Wa kumi na tisa akasema: "Kuna kitu kinatetemeka nyuma kushoto." Wa ishirini na mbili: "Kimezidi." Na sauti ya Dub ikajibu: "Uko wa tatu, mwanangu. Vumilia kidogo tu."

Dub alizima redio mwenyewe.

"Ulimwambia avumilie," alisema Verlene, bila ukali.

"Nilimwambia avumilie." Alijifuta uso kwa kiganja. "Sijalala, dada."

"Najua. Lakini nisaidie jambo moja, wewe ni fundi na mimi si fundi. Nati zikiachwa bila kukazwa, gari linaanza kutetemeka lini?"

"Palepale. Hata mzunguko mmoja haumalizi."

"Hili lilitulia mizunguko kumi na minane."

Dub alianza kuhesabu kwa vidole.

"Na gurudumu likichomoka likiwa linazunguka kwa mwendo ule, boliti zinafanya nini kwenye matundu?"

"Zinayala. Yanakuwa marefu, kama yai."

Verlene alishuka kwenye lori, akarudi mezani, akachukua sarafu ya senti tano mfukoni, akailaza juu ya tundu la kwanza, halafu la pili, mpaka la tano. Kila mara pande zote zilibaki sawasawa, tundu bado ni la duara. Dub alikuwa nyuma yake, anaangalia.

"Hili si gurudumu lililochomoka," alisema Dub polepole.

"Sidhani kama ndilo. Mzee yuko wapi?"

Hoyt Scarbrough alikuwa ameketi peke yake kwenye ngazi ya nyuma ya lori la pili, begi lake la nguo limefungwa tayari miguuni. Mikono yake mikubwa ilikuwa imelala mapajani, vidole vimepinda kidogo, kama bado vimeshika mashine. Aliliona faili la kijani, wala hakusema kitu. Verlene aliliandika hilo kichwani.

"Shikamoo, Mzee Hoyt."

"Marahaba. Wewe si binti wa Tidmore aliyekuwa anauza tiketi lango la mashariki?"

"Ndiye mimi."

"Baba yako alikuwa anaturuhusu tuingie na mbwa." Akatazama mbali. "Kijana anaendeleaje?"

"Wamemfanyia upasuaji usiku. Ameamka."

Mabega ya Hoyt yalishuka kama mtu aliyetua gunia. "Vizuri. Basi niandikie, nina haraka. Nilikosa nati mbili."

"Zipi?"

"Ya juu. Na moja ya kushoto."

"Makusudi?"

"Mimi?" Ndipo akamtazama usoni. "Yule kijana amekula mezani kwangu tangu ana miaka tisa. Mke wangu ndiye aliyemfunga kamba za viatu vyake vya kwanza vya mbio. Makusudi, hapana. Uzee. Andika uzee."

"Mkanda unaonyesha tano."

"Mkanda hauna macho."

"Na Jumanne ulisema watajua siku gurudumu litakapotoka."

"Nilisema. Nilikuwa na hasira. Mtu haruhusiwi kukasirika siku hizi?"

"Gurudumu ulilowapa chama cha mbio ulilitoa wapi, mzee?"

Hoyt aliinamia begi lake, akavuta zipu ambayo ilikuwa imeshafungwa. "Kwa washabiki. Huko katikati."

"Sehemu gani?"

"Sikumbuki. Nipe nitie sahihi."

Verlene alimpa karatasi. Hoyt aliandika kwa herufi kubwa za mtu asiyezoea kalamu: *Nilikosa nati mbili. H. Scarbrough.* Aliirudisha bila kuisoma.

"Kwa sahihi hii," alisema Verlene, "wao wataiweka pamoja na maneno yako ya Jumanne. Saa tisa watasema ulizikosa kwa kutaka. Utafungwa."

"Mimi nimemaliza kazi, binti Tidmore. Sina ninapokwenda."

Verlene aliitia karatasi ndani ya faili. Alitembea hadi kona ya nne, jua likianza kuchoma mgongo. Kwenye uzio wa waya, hatua kama arobaini baada ya pale mchoro mweusi ulipoanzia, palikuwa pamebonyea juu, upana wa tairi. Gurudumu lilikuwa limeruka hapo. Upande wa pili, nyasi zilikuwa zimechunwa: alama moja, halafu nafasi, halafu nyingine ndogo zaidi, kama jiwe linaloruka juu ya maji. Alizifuata mpaka zilipokwisha, mbele ya basi la shule la zamani lililopakwa rangi nyeupe, lenye turubai pembeni na jiko la mkaa.

Washabiki wa mbio hawarudishi kitu. Kipande cha bati, kioo, kibonge cha mpira, vyote huenda nyumbani na kuwekwa sebuleni, na mgeni akiuliza husimuliwa mpaka chai ipoe. Kwa hiyo Verlene hakutegemea kwamba mtu angemkabidhi Hoyt gurudumu zima kwa kuombwa tu.

Mwanamke mnene mwenye kofia ya namba hamsini na nane alikuwa anakaanga soseji. Jina lake Nadine Pruitt, alimwambia kabla hajaulizwa, na hapa ni mahali pake kwa miaka ishirini na mbili, na wale majirani wa kulia ni wezi wa barafu.

"Kaa, afande. Umekula?"

"Kidogo."

"Kidogo si kula." Akamwekea sahani: mikate midogo ya moto, mchuzi mweupe wa soseji juu yake, na kikombe cha chai baridi yenye sukari ya kuweza kusimamisha kijiko. Verlene alitafuta pa kuweka kikombe. Karibu yake palikuwa na meza ya duara, fupi, imefunikwa kitambaa cha maua mpaka chini.

"Hapo weka polepole," alisema Nadine haraka.

Verlene aliweka. Kikombe hakikutikisika hata kidogo. Meza za kambini zote hutikisika. Na upindo wa kitambaa, upande uliogusa nyasi, ulikuwa na vumbi jeusi la mpira.

"Uliwahi kumjua mke wa Mzee Hoyt?"

Uma wa Nadine ulisimama. "Imogene? Nani hakumjua? Basi lao lilikuwa pale, hapo palipo na wale wezi. Miaka kumi na minane tumepakana. Alikuwa na mwavuli wa kijani kibichi, akikaa nao juu ya paa la basi siku nzima. Wale mafundi walikuwa wanamwona kutoka kwenye vituo vyao, wanashika vichwa. Walimtuma Hoyt amwambie aufunge. Akasema: 'Waambie mimi ndiye ninayewapikia.' Hakuufunga hata siku moja." Akageuza soseji. "Mwezi wa tatu tumemzika. Saratani."

"Pole."

"Asante. Huyo Lanny alibeba jeneza upande wa mbele."

"Na jana Mzee Hoyt alikuja hapa."

"Afande, kula, mchuzi unaganda."

"Alikuja akakuomba utunze kitu. Nawe ukampa ahadi."

"Mimi nikiahidi nimeahidi."

"Sikulazimishi. Nakuambia tu. Saa tisa Mzee Hoyt anakamatwa. Si faini. Ni jela, miaka kadhaa, kwamba alitaka kumuua Lanny."

Nadine aliutua uma. Aliondoa kikaango jikoni. "Alisema watamnyang'anya leseni ya ufundi tu," alisema. "Alisema, hata hivyo ninastaafu, Nadine, waichukue waikaange."

"Hakujua."

"Au alijua." Aliinama akaondoa kikombe, akaondoa sahani, akakunja kitambaa cha maua pande nne kama anavyokunja mtu shuka la mgonjwa.

Gurudumu lilikuwa limelazwa uso wake chini. Matundu matano yalikuwa yameliwa, marefu kama mayai. Lakini hayo Verlene aliyatazama baadaye. Mgongo wa rimu, ule upande unaoelekea breki, ambao ukishafungwa hakuna mtu auonaye tena, ulikuwa umepakwa rangi ya kijani inayong'aa. Juu ya kijani hicho, kwa herufi nyeupe zilizoandikwa kwa mkono, zikizunguka rimu nzima, palikuwa na maneno: *Imogene yumo. Mbio ya mwisho, Mzee.*

Na katikati, pale chuma kinapopaswa kukutana na chuma cha habu, kile kitovu kinachobeba gurudumu, rangi ilikuwa imebadilika kuwa kahawia, imeiva kwa moto, imesukumwa pembeni kwa mikunjo kama malai juu ya maziwa.

Verlene alipitisha ukucha. Ilikuwa nene. Tabaka mbili, labda tatu.

"Zuri, eti?" alisema Nadine kwa sauti ndogo. "Hoyt alipoliona alikaa chini pale kwenye nyasi. Nikadhani moyo. Alilishika hivi, akasoma, akacheka. Halafu akaweka kidole hapohapo ulipoweka wewe. Hakucheka tena. Akasema: 'Nadine, huyu mtoto asije akajua.'"

Ilikuwa saa sita kasoro. Verlene aliomba kitambaa cha maua, akapewa pamoja na gurudumu. Alimpitia Hoyt kwenye ngazi ya lori na kumwambia apande gari. Alipofungua buti kuweka begi lake, mzee aliona kitambaa, akaona umbo chini yake. Akapanda. Walikuwa wameshafika barabara kuu aliposema:

"Rangi ilikaa katikati ya rimu na habu, inashika badala ya chuma. Mimi nilikaza nati juu ya rangi, nikasikia zimefika, kumbe zimefikia rangi. Breki zikapata moto, rangi ikalainika, nati zote tano zikabaki hazina cha kushika."

"Kwa hiyo ulizikaza zote."

"Miaka thelathini sijawahi kukosa nati, binti Tidmore. Unadhani ningeanza jana? Lile la mezani ni la zamani, nililitoa kwenye rundo letu." Alitazama misonobari ikipita. "Sikiliza. Mwandiko ule ni wa Lanny. Chama cha mbio wakijua dereva amechezea gurudumu bila kukaguliwa, hawatamrudisha. Yule hajaanza hata. Na hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba akijua amejivunja mwenyewe kwa ajili ya kunifurahisha, hatagusa usukani tena, hata akiruhusiwa. Niache mimi niwe mzembe. Nani anaumia?"

"Wewe."

"Mimi ni mtu mzima."

"Na yeye je? Ana miaka ishirini na sita, mzee. Utaishi ukimficha mpaka lini, na wewe uko jela, naye anakuja kukutembelea kila Jumamosi akidhani ulitaka kumuua?"

Hoyt alirudisha macho kwenye misonobari mpaka Birmingham.

Gurudumu lile lilikuwa zito, na Hoyt alikataa mtu mwingine alibebe. Mwishowe muuguzi mmoja aliyewahurumia aliwaletea kiti cha magurudumu. Hivyo ndivyo walivyopita ukumbini: Verlene mbele na faili lake, nyuma yake mzee mwembamba anasukuma kiti, na kwenye kiti kuna kitu cha duara kimefunikwa kitambaa cha maua. Mwanamke mmoja aliyekuwa amekaa pembeni alikipisha kwa heshima.

Lanny Mabry alikuwa amelala chali, mguu umening'inizwa, uso umevimba upande mmoja. Jicho moja tu ndilo lililofunguka vizuri. Lilikwenda moja kwa moja kwa Hoyt, likampita Verlene kama hayupo.

"Mzee. Uliliona?"

"Tulia wewe."

"Nilikuwa nikupe baada ya mbio. Niligandisha nati mwenyewe Jumamosi, nikaliweka kwenye seti ya mwisho, ili liwe la mwisho kulifunga wewe. Nikasema kwa nyuma Dub hataona kijani, hatapiga kelele." Akajaribu kucheka, mbavu zikamkataa. "Uliliona au halikupatikana?"

"Lilipatikana," alisema Hoyt.

Verlene alisogea karibu na kitanda. "Lanny, mimi ni Verlene Tidmore, wa ofisi ya sherifu. Nina swali moja tu la kifundi. Ulipaka mara ngapi?"

"Mara tatu, afande. Nilitaka ing'ae."

"Pale katikati, panapokaa habu, ulipafunika kwa karatasi ya gundi kabla ya kupaka?"

Hoyt aligeukia dirisha.

Kijana alikuwa anafungua mdomo kujibu, halafu akauacha wazi. Amekulia chini ya magari. Hapakuwa na haja ya kumweleza. Jicho lake lilitembea kwenye dari, polepole, kama linahesabu kitu huko juu: tabaka tatu, breki, mizunguko kumi na minane.

"Sikupafunika," alisema. "Maneno yasingetosha."

Mashine kando ya kitanda iliendelea na mlio wake.

"Mzee. Wewe ulijua tangu jana."

"Mimi ni mtu wa nati. Nijue nini?"

"Umewaambia nini?"

Verlene ndiye aliyefungua faili, akatoa karatasi ya asubuhi, akaiweka juu ya shuka ambapo jicho moja lingeweza kuisoma. Lanny alisoma. Ilikuwa sentensi moja, lakini aliisoma kwa muda mrefu.

"Afande, una kalamu?"

"Lanny," alisema Hoyt, "watakuondolea leseni."

"Nitaiomba tena. Nina miezi sita ya kulala hapa, nitakuwa naandika barua." Aligonga karatasi kwa kidole. "Mzee, ulitaka niseme nini huko mitaani? Kwamba nati za Hoyt Scarbrough zilitoka? Nani angeniamini?"

Verlene aliandika, Lanny akasema, taratibu, mwanzo hadi mwisho: duka gani, rangi gani, siku gani. Kalamu ya kwanza iligoma, akachukua ya pili. Lanny akatia sahihi kwa mkono wa kushoto. Kisha Verlene akatoka kwenda simu ya ukumbini. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika ishirini.

"Hakuna kesi, sherifu," alisema.

"Nani alilegeza basi?"

"Hakuna aliyelegeza. Zilikazwa zote. Nitakueleza nikifika. Na mwambie Dub Wardlow akalale."

Aliporudi kuchukua faili, kitambaa cha maua kilikuwa kimeondolewa. Hoyt alikuwa ameketi kando ya kitanda, gurudumu limesimama kati ya magoti yake, upande wa kijani umemwelekea. Kidole gumba chake kilikuwa kinapita tundu baada ya tundu, kikibonyeza kila moja kidogo, midomo ikihesabu bila sauti.

"Hii si kijani yake," alisema bila kuinua macho. "Yake ilikuwa imekolea zaidi."

"Walikuwa na hii tu dukani."

"Angekurudisha."

"Angenirudisha," alikubali Lanny, na jicho lake zima likafumba, machozi yakitoka pembeni.

Hoyt alinyoosha mkono kwa Verlene. Verlene alidhani anataka leso. Lakini mzee alichukua faili la kijani, akaliweka gotini kama sahani, akaitafuta karatasi yake ya asubuhi na kuomba kalamu. Alikata mstari mmoja mnene juu ya maneno yake. Chini yake, kwa zile herufi zake kubwa, akaandika: *Nilikaza tano.* Safari hii aliisoma kabla ya kuirudisha.